Baiskeli Namba Thelathini na Moja

Wanangu wa ofisi ya mipango, rasimu yenu nimeipata. Aliyeileta alinikuta barazani nachambua mchicha, akaniamkia vizuri, akaniachia bahasha nene. Nimeisoma yote, kanuni za kuegesha na kuchaji baiskeli za umeme, ukurasa kwa ukurasa, miwani puani na penseli nyekundu mkononi, maana mkono uliozoea kusahihisha haustaafu. Mmefanya kazi nzuri. Michoro yenu ni safi kuliko yetu. Sisi tulichora kwa wino juu ya karatasi ya kufuatishia, na ukikosea mstari unaukwangua kwa wembe pole pole. Ukikwangua kwa hasira karatasi inatoboka, unaanza upya. Ninyi mnabonyeza tu. Hongereni.

Pembeni mwa ukurasa mmoja mmeniandikia swali. Mnataka kujua kwa nini ramani za zamani za maegesho ya baiskeli, za Kilosa mjini na za Mikumi, zinahesabu nafasi mpaka thelathini kisha zinaruka kwenda thelathini na mbili. Mmoja wenu ameuliza kwa utani kama Mama Ramani hakujua kuhesabu. Kuhesabu najua, mwanangu. Nilisoma shule ya misheni kule milimani, na mwalimu wetu wa hesabu hakuwa mtu wa kusamehe. Namba ile niliiacha kwa makusudi, na hakuna mtu wa ofisini niliyewahi kumwambia sababu. Nawaambia ninyi sasa kwa ajili ya kifungu chenu cha tisa. Nitakirudia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla yake, baiskeli mpya ulikuwa unaiombea kibali na kuisubiri mpaka uisahau. Ghafla maduka yakajaa baiskeli za Kichina na za Kihindi, redio kaseti, na baadaye televisheni ndogo za rangi nyeusi na nyeupe. Tatizo ni kwamba umeme ulipita barabara kuu tu, vijijini hamna kitu. Basi watu wakanunua betri za gari. Betri ikiisha inafungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, inaletwa Mikumi kuchajiwa. Kwa hiyo msijidanganye kwamba mmeanza ninyi. Baiskeli na umeme tuliviunganisha zamani, ila wakati wetu umeme ulipanda kama abiria.

Pakawa fujo. Baiskeli zililazwa ovyo mbele ya maduka na malori yakazikanyaga. Vibanda vya kuchaji vilimwaga maji ya betri mitaroni, mbuzi wakanywa wakaungua midomo. Ikaamuliwa pawe na kiwanja kimoja chenye uwanja wa kuegesha baiskeli na chumba cha kuchaji betri, na kanuni zake ziandikwe. Kazi ya kuchora na kuandika nikapewa mimi, mwanamke peke yangu katika chumba cha michoro cha Kilosa. Nilikuwa sijafika miaka thelathini na tano, na kiburi nilikuwa nacho cha kutosha watu wawili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nilipima baiskeli ya mhudumu wetu wa ofisi, urefu na upana, nikachora nafasi arobaini zilizonyooka vizuri. Siku ya kufungua ziliingia kumi na tisa, uwanja ukajaa. Baiskeli ya mhudumu ilikuwa tupu. Za Mikumi zilikuja na magunia ya mkaa, matenga ya nyanya, na moja ilibeba mbuzi mzima aliyefungwa miguu, ananitazama kama mkaguzi wa mkoa. Tulilazimika kuupanua uwanja mara mbili. Kisha mfugaji mmoja akaja na punda wake, akaomba nafasi kama wengine. Alipoambiwa punda si baiskeli, akauliza ni wapi kwenye ubao pameandikwa hivyo. Hapakuwa pameandikwa. Tukampa nafasi. Hapo nilipaswa kujifunza jambo kubwa kuhusu ubao na watu wanaousoma, lakini nilicheka tu na wengine.

Aliyenicheka kuliko wote siku hiyo alikuwa Mzee Mkude. Huyu alikuwa fundi umeme wa shamba la katani kwa miaka mingi, mpaka mitambo iliposimama na wafanyakazi wakapewa mkono wa kwaheri. Akaajiriwa kulinda baiskeli na kuchaji betri. Mengi ninayoyajua kuhusu chaji nimeyapata kwake, si chuoni. Alinifundisha kwamba asidi inamiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kwamba unazima chaja kwanza ndipo unagusa vibanio, usije ukapiga cheche. Kwamba kopo la magadi lisikose karibu, la kunyunyiza asidi ikimwagika. Alijua hali ya betri kwa sikio. Inayokula chaji inanong'ona, alisema, iliyoshiba inachemka kama uji, na iliyokufa inanyamaza. Alikuwa anainamisha kichwa juu ya betri kumi na tano zilizopangwa sakafuni, anazisikiliza moja moja, na mimi nimesimama nyuma yake na daftari. Siku nyingine nilihisi kama zinaongea kweli, na kwamba zikituona zinapunguza sauti.

Alikuwa na mwiko mmoja. "Betri ya mtu haifi mikononi mwako," alikuwa akisema. Mwenyewe akichelewa wiki, unaichaji tena. Akichelewa mwezi, unaichaji tena. Betri ikikaa tupu inaharibika, na mtu amekuachia mali yake ikiwa hai.

Utaratibu wa vibati niliubuni mimi. Tulikata makopo ya mafuta ya kupikia tukapata vibati vidogo, tukavitoboa namba kwa msumari, viwili viwili. Kimoja kinafungwa kwenye usukani wa baiskeli na betri yake inaandikwa namba hiyo hiyo kwa chaki. Kingine anaondoka nacho mwenyewe. Akirudi anakiweka mezani kwa Mzee Mkude, na Mzee Mkude, bila hata neno, anaitoa baiskeli nje. Kwenye ubao wa ukutani nikaandika kwa mkono wangu, herufi nyekundu za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: BILA KIBATI HAKUNA BAISKELI. Wizi uliisha siku ile. Nilisifiwa kwenye kikao, na sifa, wanangu, zilinikaa vibaya.

Sasa nifike kwenye madirisha. Mchoro wangu wa kwanza wa chumba cha kuchaji ulikuwa na madirisha mawili mapana. Wiki ya kwanza wakaingia nyani. Mnawajua nyani wa Mikumi, hawaogopi mtu mwenye shati. Walikula chakula cha Mzee Mkude, wakang'oa vizibo vya betri, mmoja akaondoka na glavu moja akawa anaivaa juu ya mti. Nikarudi Kilosa, nikachukua wembe, nikayakwangua madirisha yote mawili kwenye mchoro, na fundi akayaziba kwa matofali. Mzee Mkude alipouona ukuta aliugonga kwa kiganja.

"Mwanangu," alisema, "betri inapumua. Weka nondo na wavu, nyani hatapita na hewa itapita."

"Mzee, mlango si upo?"

"Mlango uko upande mmoja. Hewa ya betri inapanda juu, inakaa darini. Siku ikikutana na cheche, mimi ndiye ninayekaa humu."

Nilimwelewa. Naomba mliandike hilo, kwamba nilimwelewa. Lakini mchoro ulikuwa umekwisha kupigwa muhuri, na kuufungua upya kulitaka niende mbele ya kikao kile kile kilichonisifu, niseme nilikosea. Nikamwambia tutarekebisha baadaye. Aliniomba tena baada ya mwezi, akanionyesha funguo zake zilivyoliwa na kutu na shati lake lilivyotoboka kama chujio. Mara ya tatu alinionyesha macho yake, mekundu, yanatoa machozi, akasema kichwa kinamuuma akikaa mezani zaidi ya saa moja. Nilimwambia anywe maziwa. Maisha ya mtu yalikuwa yananing'inia kwenye matofali yangu, nami nikamwambia anywe maziwa. Nikiikumbuka sentensi hiyo hadi leo naona aibu usoni kama nimepigwa kofi.

Msimu wa kukata miwa ndipo ilipokuja baiskeli namba thelathini na moja. Mwenyewe alikuwa kijana mmoja, Hamisi, mkata miwa. Kwake kulikuwa kijiji cha nyuma ya reli. Kila Jumatatu asubuhi alifika na baiskeli yake ya Kichina, kitambaa cha bluu kimefungwa kwenye usukani, betri kwenye keria, anaviacha, anapanda lori la vibarua kwenda Ruhembe. Jumamosi anarudi, anaweka kibati mezani, anapewa baiskeli na betri iliyoshiba, anaenda kuwashia wanawe redio. Mzee Mkude alimpenda kwa sababu alikuwa anavua kofia kabla ya kuamkia. Kibati alikivaa shingoni kwa uzi wa nailoni, maana alikuwa anauogopa ule ubao wangu.

Jumamosi moja hakurudi. Wala iliyofuata. Mzee Mkude akaisogeza baiskeli ndani, akaiegemeza mlangoni mwa chumba cha kuchaji isipigwe na mvua, na betri namba thelathini na moja akaendelea kuichaji kila wiki, kwa ule mwiko wake.

Nilikuwa nakwenda Mikumi kila baada ya wiki mbili kukagua. Safari moja nilimkuta anafuta kiti cha ile baiskeli kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa cheusi.

"Masizi ya miwa," alisema.

Mnajua mashamba ya miwa huchomwa kabla ya kukatwa, na masizi yake huruka, membamba kama nywele, yakatua kwenye nguo zilizoanikwa. Lakini hayo ni mambo ya Ruhembe na Ruaha. Kutoka huko mpaka Mikumi ni mwendo wa lori, hakuna upepo wa kuyafikisha. Nikamwambia ni moshi wa mama ntilie wa ng'ambo.

"Mbona yanatua kwenye hii tu?" aliuliza. "Nazifuta zote. Thelathini ni safi. Thelathini na mbili ni safi. Hii kila asubuhi inayo."

Niliangalia. Ilikuwa kweli. Nikabonyeza na matairi, mazoea ya ukaguzi. Baiskeli ikikaa wiki sita bila kuguswa matairi yanalegea, hilo mtoto wa darasa la pili analijua. Yale yalikuwa magumu kama yamejazwa asubuhi ile. Nikamuuliza kama anayajaza, akasema hajawahi kuyagusa. Sikuandika chochote kwenye daftari. Fomu ya ukaguzi haikuwa na sehemu ya mambo kama hayo.

Karibu miezi mitatu ikapita. Siku moja, mchana kweupe, nimesimama uwanjani na Mzee Mkude, akaja mwanamke mdogo amejifunga kaniki, mtoto mgongoni. Hakuja moja kwa moja. Alisimama mbele ya ubao, akausoma, midomo ikicheza, akausoma tena. Kisha akaja kwetu.

"Shikamooni."

"Marahaba. Karibu."

"Nimefuata baiskeli. Ile ya kitambaa cha bluu."

"Kibati kiko wapi?" nikamuuliza.

"Anacho mwenyewe."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Aliinamisha macho. "Hawezi kuja."

Mzee Mkude akanivuta kando. "Mama Ramani, tumpe. Huyu ni wa nyumbani kwa Hamisi, mtoto huyo mgongoni ni Hamisi mtupu."

"Mzee, leo tukitoa baiskeli kwa sura, kesho mwizi atakuja na sura nzuri zaidi." Nilisema kwa sauti, ili mwanamke asikie. Kisha nikamgeukia, nikamwonyesha ubao kwa kidole. "Dada, umeusoma mwenyewe. Mwambie mwenye baiskeli akilete."

Alinitazama muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepewa maagizo na anataka kuhakikisha ameyasikia sawasawa.

"Nimwambie akilete mwenyewe?"

"Ndiyo. Akikileta, baiskeli inatoka saa hiyo hiyo."

"Haya," alisema. "Nitamwambia."

Akaondoka kwa njia ya relini. Mzee Mkude akachukua kitambaa chake, akarudi kuifuta namba thelathini na moja.

Nilirudi baada ya wiki mbili, Jumamosi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, baada ya betri kuchajiwa usiku kucha, na jua lilikuwa kali. Nilipomsalimia Mzee Mkude aliniitikia kwa shida, macho mekundu, akasema anaingia ndani kukaa kidogo mezani kwake. Mimi nikavuka barabara kwa mama ntilie, nikaagiza chai na maandazi. Nilikaa nikiutazama ule mlango. Nataka muelewe vizuri hapa, maana maisha yangu yote yalikuwa ya kupima na kutazama: mlango ulikuwa mbele yangu, wazi, hatua kama ishirini na tano, na kwa muda wote wa chai ile hakuna mtu aliyeingia wala kutoka. Wateja wa siku hiyo walikuwa wameshachukua vyao. Uwanjani alikuwepo kuku mmoja tu.

Halafu Mzee Mkude akatokea, anaisukuma baiskeli namba thelathini na moja. Alifanya kama alivyofanya kila siku kibati kikiwekwa mezani, aliitoa nje moja kwa moja. Akavuka uwanja, akafika mpaka ukingo wa barabara, akasimama anageuza kichwa huku na huku.

"Mama Ramani!" aliniita. "Amekwenda wapi?"

"Nani?"

"Hamisi. Nilifumba macho kidogo, kichwa kinauma. Kufumbua, kibati hiki hapa mezani." Akainua mkono. Kiliwaka juani kidogo tu, kwa sababu kilikuwa kimejaa masizi.

Niliinuka. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyeingia. Neno halijatoka, friji ya duka la jirani ikaguna, na redio yake ikapiga kelele ghafla. Umeme umerudi. Nilimwona Mzee Mkude akigutuka, mkono ukaenda mdomoni. Yeye aliyenifundisha kuzima chaja kabla ya jambo lolote, kwa kuumwa kichwa alikuwa ameiacha imewashwa tangu umeme ulipokatika.

Kishindo kilikuja mara moja, kizito na kifupi. Bati za paa ziliinuka zote pamoja, zikatulia hewani kama zinafikiri, kisha zikaanguka uwanjani. Kuku yule sikumwona tena. Kengele za baiskeli zilizobaki zikalia kwa pamoja, kila moja, zikaendelea kulia kitambo baada ya kila kitu kunyamaza.

Tulipoingia, meza ya Mzee Mkude ilikuwa vipande. Kiti chake kilikuwa ukutani, kimechomwa na vipande vya betri, na asidi ilikuwa inateremka pale pale ambapo kichwa cha mtu aliyekaa kingekuwa. Ukuta nilioziba madirisha ulikuwa umepasuka kwa mstari uliozunguka mahali pa dirisha, kama vile mtu ameuchora upya. Mzee Mkude alikaa chini kwenye vumbi akiwa bado ameshika usukani. Mimi nililia mbele za watu, na sikujali nani ananiona. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemuua, na hakuwa amekufa.

Wiki hiyo hiyo nilisimama mbele ya kikao nikasema nilikosea. Ile kanuni mnayoikuta kwenye makabrasha, kwamba chumba cha kuchaji kiwe na matundu ya hewa juu na chini, yenye nondo na wavu, yasizibwe kwa sababu yoyote ile, na kwamba meza ya mlinzi isikae ndani, ni mkono wangu. Mmeinakili kwenye rasimu yenu na nawashukuru. Betri zenu za siku hizi ni za aina nyingine, hazina maji, lakini nazo zina hasira zake. Msimweke binadamu kuzilinda ndani ya chumba kisicho na njia mbili.

Ikabaki baiskeli. Mzee Mkude aliuliza kwa madereva wa malori ya vibarua, akarudi kwangu amepoa. Hamisi alikuwa amefariki, tena zamani, wiki ile ile aliyotuachia baiskeli kwa mara ya mwisho. Walikuwa wanachoma shamba la mkulima mmoja, upepo ukageuka, moto ukamzunguka. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwanamke wa kaniki, na jinsi nilivyomwonyesha kidole.

Tulikwenda kwake mimi na Mzee Mkude, tunaisukuma baiskeli, betri kwenye keria. Ndiyo betri pekee iliyopona, na sijui kwa nini. Kijiji cha nyuma ya reli kilikuwa na nyumba chache, na ya kwake ilikuwa ya mwisho. Alitukaribisha vizuri kuliko tulivyostahili. Nikamwomba msamaha, akaitikia kwa kichwa. Mzee Mkude akaegemeza baiskeli ukutani, watoto wawili wakaja kukishika kile kitambaa cha bluu. Kisha nikatoa kibati kwenye leso nikampa. Hakukipokea.

"Hicho si cha kwetu tena," alisema. "Kaeni nacho."

"Nani alikileta, dada? Nani ulimpa?"

"Sikumpa mtu. Alikuwa nacho mwenyewe." Akakunja ngumi ya mkono wa kulia, akaniinulia. "Alipoletwa na lori, mkono ulikuwa umefumba hivi. Uzi wa shingoni umeungua, kibati amekishika. Waoshaji walijaribu kuufungua, haukufunguka. Shehe akasema mwacheni na alichoshika. Tukamzika nacho, hapo nyuma."

Nikatoka kwenda kuona. Kaburi lilikuwa hatua chache nyuma ya nyumba, chini ya mti mdogo. Majani yalikuwa yameota juu yake kotekote na udongo umeshikana kwa mvua. Nilizunguka mara mbili nikitafuta mahali palipoguswa, kwa macho yale yale ya kukagua viwanja. Hapakuwepo. Mwanamke alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto mgongoni.

Kibati hicho ninacho hadi leo, kwenye kopo la wino. Nimekiosha mara nyingi, na nikikishika kidole kinatoka cheusi. Ndiyo maana namba ile sikumpa mtu mwingine katika ramani yoyote niliyochora baada ya hapo. Nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Na sasa kifungu chenu cha tisa. Mmeandika kwamba baiskeli itatolewa kwa mwenye kadi mwenyewe tu, bila kisingizio chochote. Nimekipiga mstari mwekundu mpaka karatasi imetoboka. Andikeni kwamba mke akija na mwenyekiti wake wa kijiji asikilizwe, apewe. Kwa sababu siku ile, pale kaburini, nilimgeukia yule dada nikamuuliza, sasa kibati kimefikaje mezani kwetu, naye akanitazama kama alivyonitazama mara ya kwanza.

"Si uliniambia nimwambie akilete mwenyewe?" alisema. "Nilimwambia."